Traiali iliyolala miaka saba Bamburi: kwa nini plagi mpya na CDI mpya havikuiwasha

Pikipiki yenyewe ni ya traiali, ule mchezo wa kupanda mawe na magogo polepole bila kuweka mguu chini. Injini ni tu-stroki ya cc 250 inayopozwa kwa maji, haina betri, na inawashwa kwa kiki tu. Ilinunuliwa kwa mtu aliyekuwa akihama Mombasa, baada ya kukaa miaka saba kwenye banda la nyuma ya nyumba huko Bamburi, upande wa baharini. Aliyeinunua alimwaga petroli ya zamani, akatia mpya, akapiga kiki mpaka mguu ukachoka. Ilikohoa mara moja moja, kisha kimya.

Fundi wa bodaboda aliyeitwa alifanya yote ambayo angeyafanya kwa Boxer, pikipiki ya kawaida ya bodaboda. Plagi mpya ikafungwa, kabureta ikafunguliwa na kupulizwa upepo, na mwisho CDI, kile kisanduku cha elektroniki kinachoamuru cheche, ikaagizwa ng'ambo kwa pesa nyingi. Haikuwaka. Ilipotiwa gia ya pili na kusukumwa na vijana wawili, iliwaka, ikapanda kasi yenyewe bila kuongezwa mafuta, na akseleta ilipoachiwa ikazimika papo hapo. Kiki haikuiwasha tena.

Dalili hiyo ya mwisho ilikuwa imeshataja nusu ya ugonjwa. Ni dalili ambayo fundi aliyezoea fo-stroki hana sababu ya kuifikiria, kwa kuwa kwenye Boxer chumba cha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni makao ya oili tu. Kwenye tu-stroki chumba hicho ni pampu. Mchanganyiko wa hewa na petroli hutoka kwenye kabureta, hupita kwenye vali ya ridi, majani membamba yanayoruhusu kuingia tu na si kurudi, na kuingia chini ya pistoni; pistoni ikishuka huubana, nao hupanda kwa njia za ubavuni mwa silinda kwenda juu kuchomwa. Pampu hiyo ikivuja, hakuna kabureta wala CDI itakayoiokoa. Na kinachoziba ncha mbili za krenki ni sili mbili za mpira, ambazo ndizo vitu vinavyoumia zaidi pikipiki ikikaa bila kuzunguka.

Sababu ya kuwaka kwa kusukumwa na kukataa kwa kiki ni hii: mguu huizungusha injini polepole, mvuto wake ni mdogo, na tundu dogo la hewa linatosha kuumaliza karibu wote. Injini ikizungushwa kwa kasi, kinachoingia kwa tundu hilo ni sehemu ndogo ya kinachopita kwenye kabureta, kwa hiyo mchanganyiko unafaa kidogo. Ila bado hewa imezidi petroli, ndiyo maana inapanda kasi yenyewe. Kuiacha iendelee hivyo ni hatari, kwa sababu petroli inayokosekana ndiyo iliyobeba oili ya kulainisha pistoni.

Hata hivyo sili peke yake haikuwa kisa chote. Ukiacha uchafu wa filta na mpira wa tangi, yalipatikana makosa manne: kofia ya plagi, swichi ya kuzimia, njia ya petroli ya slo, na sili. Matatu kati yake yalikuwa madogo kiasi kwamba kila moja, likiwa peke yake, injini ingelivumilia. Hivi ndivyo vyombo vinavyoharibika Pwani: chumvi na unyevu havivunji kitu kimoja waziwazi, vinadhoofisha kila kitu kidogo kidogo. Ndiyo maana kubadilisha spea moja na kupiga kiki, kisha kubadilisha nyingine, hakufiki mwisho. Ukitengeneza moja, yale mengine matatu yanakuficha kwamba umefanya la maana.

Kabla ya kiki ya kwanza

Hatua hii ilirukwa, na ingeweza kuleta hasara kubwa. Pikipiki iliyolala miaka haipigwi kiki kabla ya kutolewa plagi na kutiwa mililita 5 hivi za oili ya tu-stroki ndani ya silinda, kuachwa saa kadhaa, kisha kuzungushwa kwa mkono kwenye sumaku ya magneto, ile inayozunguka na krenki kutoa umeme wa cheche. Kama pete zimeshikana na silinda kwa kutu, mkono utahisi. Mguu hauhisi, unavunja. Hapa bahati ilikuwepo. Taa ndogo iliyomulikwa kwenye tundu la ekzosi ilionyesha ukuta wa silinda ukiwa safi, na pete zilicheza zilipobonyezwa kwa kijiti cha mbao.

Filta ya hewa ni jambo la pili. Ni sponji, na kwa joto letu sponji iliyokaa miaka mingi hugeuka unga. Ukiigusa inabaki mkononi. Ya pikipiki hii ilikuwa imeanza kumeguka, na chembe zake zilikutwa kwenye mdomo wa kabureta na juu ya majani ya ridi. Chembe moja ikikwama kwenye jani la ridi, jani halifungi, na pampu inarudisha mchanganyiko nyuma kwa kila mzunguko. Majani yalitolewa, yakafutwa, yakatazamwa kuelekea jua. Mwanga mwembamba kama unywele ukingoni hauna neno. Mwanga unaoonekana wazi, au kona iliyomeguka, maana yake ni kubadilisha. Haya yalikuwa mazima.

Mpira wa kupumulia tangi nao uliangaliwa. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda matundu ya namna hiyo, na ncha ya sailensa pia. Tangi likikosa hewa, petroli inashuka dakika chache kisha inakata. Mpira wa hapa ulikuwa umeziba kabisa.

Cheche

Plagi mpya iliyowekwa kwenye chuma cha injini ilitoa cheche, na hapo ndipo wengi huishia. Ila cheche inayoruka milimita 0.7 kwenye hewa ya kawaida haijathibitisha kitu. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kuruka umbali uleule kunahitaji volti nyingi zaidi. Kipimo cha kuaminika ni cheche iruke pengo la milimita 6 hivi hewani, yenye rangi ya buluu na mlio wa kupasuka. Ya hapa iliruka milimita 3, nyembamba na nyekundu. Wakati wa kupima, plagi iguse chuma muda wote, kwa sababu CDI inayopigwa kiki huku waya wa plagi ukining'inia inaweza kuungua. Na iwekwe mbali na tundu la silinda: mvuke wa petroli unaotoka hapo unashika moto.

Kofia ya plagi ndiyo iliyoanza kupimwa kwa multimita. Kofia nyingi za aina hii zina rizista ya omu 5,000 ndani. Hii ilionyesha zaidi ya 30,000, na ikitikiswa inakatika kabisa. Ilipofunguliwa, skurubu ya ndani ilikuwa na ukoga wa kijani. Waya mnene wa koili ulikatwa milimita 8 mpaka ukaonekana shaba safi, kofia mpya ya omu 5,000 ikakazwa humo. Kofia ya namna hii inapatikana kwa wauza spea za pikipiki mjini, haihitaji kuagizwa.

Kosa la pili lilikuwa kwenye swichi ya kuzimia iliyo kwenye mpini. Swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme wa CDI kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Isipobonyezwa, multimita kati ya waya wake na fremu inapaswa kuonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Hii ilionyesha omu 2,000 hivi: chumvi na unyevu vilikuwa vimejenga kidaraja ndani, na umeme ulikuwa ukivuja humo kila mzunguko. Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuchomoa waya wa swichi kwenye kiunganishi chake na kutazama cheche tena. Hapa ikaruka milimita 7, ya buluu. CDI ya zamani iliporudishwa kwa majaribio, cheche ilibaki vilevile. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Pikipiki nyingi za traiali zina pia kamba ya usalama yenye kifuniko cha sumaku, na ukinunua iliyotumika bila kifuniko hicho haitatoa cheche hata kidogo. Hiyo pia hujulikana kwa kuchomoa kiunganishi chake.

Magneto ilifunguliwa kwa pula ya saizi yake, kamwe si kwa nyundo, kwa kuwa sumaku hupasuka na krenki hupinda. Ndani kulikuwa na kutu nyepesi kwenye ncha za chuma za koili. Ilisuguliwa kwa msasa namba 400, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye petroli, na kile kipande cha nusu mwezi kinachoshika taiming kikaangaliwa kama hakijakatika. Kufungua magneto kulikuwa na faida nyingine: sili ya krenki ya upande huo sasa ilionekana, na chini yake palikuwa na michirizi mibichi ya oili na vumbi.

Petroli

Kabureta ilikuwa Dell'Orto PHBL ya milimita 26, aina iliyofungwa kwenye traiali nyingi za Ulaya. Kwenye Dell'Orto namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa mia ya milimita, kwa hiyo jeti ya slo, inayopimia petroli akseleta ikiwa imefungwa, ikiwa namba 36 ina tundu la milimita 0.36. Petroli ikikauka huacha gundi ya rangi ya kahawia yenye harufu ya vanishi, na ukoko usioonekana vizuri kwa jicho unatosha kupunguza tundu hilo kwa nusu. Kulipuliza upepo hakuuondoi. Tundu linabaki wazi, mwanga unapita, fundi anaridhika, kumbe limekuwa dogo.

Jeti ililowekwa usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha ikapitishwa uzi mmoja wa shaba. Nyuzi za waya laini wa umeme wa nyumbani, ule wa 0.75, zina unene wa milimita 0.2, kwa hiyo zinapita bila kuikwangua. Sindano ya chuma au waya wa breki usitumike. Shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka jeti imekwisha. Baada ya hapo jeti ielekezwe juani: mwanga uwe duara kamili lenye ukingo mkali.

Lililosahaulika mara ya kwanza ni njia iliyo nyuma ya jeti. Ukipuliza dawa kwenye kiti cha jeti ya slo, inapaswa kutoka kwa matundu mawili madogo kwenye sakafu ya kabureta, moja karibu na ukingo wa slaidi, kile kipande kinachopandishwa na akseleta, na jingine mbele yake kuelekea injini. Hapa ilitoka kwa moja tu. Ilibidi kurudia kuloweka na kupuliza kwa kompresa ya fundi wa pancha mpaka yote mawili yakatema sawasawa. Siki na ndimu, ambazo watu huzitumia kwa shaba, zisiguse mwili wa kabureta, kwani asidi hula madini yake na kuacha unga mweupe ambao ni mbaya kuliko gundi.

Choki ya kabureta hii haizibi hewa. Inafungua njia ya pembeni ya petroli inayotegemea mvuto mkali nyuma ya slaidi. Ukiongeza mafuta wakati wa kupiga kiki, mvuto unapotea na choki haifanyi kazi. Kwa hiyo choki juu, akseleta imefungwa kabisa. Mwenye pikipiki alikuwa akiizungusha kila kiki, kama walivyozoea wengi.

Kupima pampu

Hiki ndicho kipimo ambacho kingefaa kufanywa mapema kuliko vyote, na hakuna haja ya chombo cha bei. Mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya kubonyeza kwa mkono yenye saa, inatosha: milimita 300 za zebaki ni sawa na baa 0.4, ndicho kiasi kinachotakiwa. Kupita hapo sana ni kuzisukuma sili zitoke.

Ekzosi ilitolewa, na tundu lake likazibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobanwa na bati. Majani ya ridi yalitolewa kwenye fremu yake, fremu na manifoldi, ile shingo inayoshika kabureta, vikarudishwa, na mdomo wa manifoldi ukazibwa kwa kizibo cha mpira. Majani yasipotolewa, yatajifunga kwa presha ya ndani na manifoldi haitapimwa. Pistoni ilishushwa chini kabisa ili njia za ubavuni ziwe wazi. Upepo uliingizwa kwa tundu la plagi, kupitia plagi kuukuu iliyovunjwa kauri yake na kuunganishwa mpira.

Injini nzima hukaa dakika sita huku mshale ukishuka kidogo. Ukipoteza zaidi ya milimita 50 kwa dakika, kuna pa kutafuta. Hapa ulishuka kutoka 300 hadi 100 kabla sekunde kumi hazijaisha. Maji ya sabuni ya vyombo yalipakwa kila mahali. Kwenye kitako cha silinda hakuna povu, kwenye manifoldi hakuna, rejeta iliyofunguliwa kifuniko haikutoa mapovu. Kwenye sili ya upande wa magneto povu lilichemka. Mpira wa kupumulia giaboksi ulitumbukizwa kwenye kikombe cha maji na haukutoa povu, maana yake sili ya upande wa klachi ilikuwa ikishika.

Kubadilisha sili

Vipimo vya sili vimechapwa usoni mwake: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Kwa vipimo hivyo maduka ya beringi mjini huweza kuwa nayo bila kuagiza. Ichaguliwe yenye midomo miwili, na kama ipo ya Viton ichukuliwe hiyo, kwa kuwa inastahimili petroli na joto kuliko mpira wa kawaida. Kwenye baadhi ya injini sili imeshikwa kutoka ndani na haitoki bila kupasua injini. Hii ilitoka kwa nje. Tundu dogo lilitobolewa kwenye bati la sili, mbali na krenki, skurubu ikaingizwa na kuvutwa kwa plaisi.

Pale mdomo wa sili ya zamani ulipokaa miaka saba, krenki ilikuwa na mstari wa kutu. Ukifunga sili mpya juu ya mstari huo, itakatwa katika wiki chache. Ulisuguliwa kwa utepe wa msasa namba 1000 wenye oili, kwa kuzungusha kufuata mviringo wa krenki. Mikwaruzo inayokwenda kwa urefu huwa njia ya hewa. Mahali pa kutu palipozama, sili ilisimamishwa milimita moja nje ya pale ya zamani ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Springi ilielekezwa ndani, mdomo ukapakwa grisi kidogo, na sili ikasukumwa kwa soketi ya upana wake. Kipimo kikarudiwa: kutoka 300 hadi 270 kwa dakika sita.

Kuwasha

Oili ya tu-stroki iliyo rahisi kupatikana Mombasa ni ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3. Isitumike hapa. Imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya bahari wakati wote, nayo hushindwa na joto la pikipiki. Inayotakiwa ina alama ya JASO FD. Kwa injini hii mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja kwa 70, yaani mililita 71 kwa lita 5. Tangi la kwanza lilichanganywa moja kwa 50, mililita 100 kwa lita 5, zikapimwa kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Tangi la traiali huwa la lita tatu hivi tu, basi hakuna haja ya kuchanganya nyingi ikakaa.

Skurubu ya mchanganyiko ilifunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Hapa wengi huchanganyikiwa: iliyo upande wa injini, ukiifungua unaongeza petroli, iliyo upande wa filta, ukiifungua unaongeza hewa. Plagi ya kwanza, iliyokuwa imelowa, iliwekwa kando na kavu ikafungwa. Choki juu, mkono mbali na akseleta, kiki ikashushwa taratibu mpaka ikagoma, ikarudishwa juu, kisha ikapigwa kwa urefu wake wote. Iliwaka kwa kiki ya tatu, na choki ikashushwa ndani ya nusu dakika, kwani kwa joto la hapa injini haiihitaji zaidi.

Moshi mzito wa dakika za kwanza ulitoka kwenye oili iliyotiwa silindani na ile iliyokwama kwenye sailensa. Klachi ilikuwa imegandana, kama ilivyotarajiwa. Ilifunguka baada ya oili ya giaboksi kubadilishwa, injini kupashwa moto, na lefa kufungwa kwenye mpini usiku mmoja. Feni ya rejeta ilikuwa imeshika kutu. Ililainishwa na kujaribiwa kwa betri ya bodaboda kabla ya pikipiki kutolewa nje. Traiali hutembea polepole mno kupozwa na upepo, na bila feni haitamaliza robo saa kwenye jua la Mombasa.

Sili ya upande wa klachi iliachwa. Ilishika kwenye kipimo, na kuifikia kunataka kutoa klachi na gia ya krenki. Lakini ina umri uleule, kwa hiyo oili ya giaboksi itaangaliwa kila baada ya tangi mbili. Ikipungua bila kuvuja chini, na moshi ukawa mweupe wenye harufu ya oili ya gia hata injini ikiwa moto, sili hiyo imeachia. Beringi za krenki nazo zilihukumiwa kwa mkono: sumaku ilishikwa na kusukumwa juu na chini, haikucheza. Mlio mzito wa kusaga unaoongezeka injini ikipata moto utamaanisha kutu imeingia kwenye beringi, na hapo hakuna njia ila kupasua injini na kuzibadilisha zote mbili pamoja na sili zake.